Unataka kuiweka wakfu fleti yako? Angalia kwanza karatasi ina jina la nani

Huku Zanzibar naulizwa sana hii habari ya kuiweka nyumba wakfu kwa ajili ya watoto. Jamaa zetu wa Marekani wao wana amana zao, mtu anaitia nyumba akiwa hai na akighairi anaitoa, sasa wakfu wetu sio hivyo, ukishatamka imetoka, haiuzwi wala hairithiwi. Usikimbilie.

Karatasi kwanza. Shangazi yangu anakaa Michenzani kwenye yale majumba marefu ya fleti tunayoyaita matreni, siku ya kwenda kuiweka wakfu katoa kopo la biskuti, mna karatasi imekunjwa mpaka mikunjo inakatika, na jina ni la marehemu mumewe. Ikawa basi tena. Mume kafa kaacha watoto kwa hiyo fungu la shangazi ni thumni, moja katika nane, zile saba za wenzake, atawekaje wakfu cha watu? Lazima mirathi igawiwe kwanza, na hiyo utaianzia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana hapohapo, maana mirathi pia wanashughulikia wao.

Kama fleti ya Shirika la Nyumba au ya mkopo na hujamaliza kulipa, soma mkataba, bila ya ruhusa yao ya maandishi usiguse kitu. Na ardhi yetu ni ya serikali, wewe una haki ya matumizi tu, ndivyo sheria ya 1992 inavosema.

Karatasi zikiwa sawa nenda kaandike hati ya wakfu, na mashahidi wawili watu wazima. Hati itaje mali yenyewe, nani wanufaika, nani mutawalli, yaani msimamizi wa wakfu, na akifa nani anashika, na kizazi kikikatika inakwenda wapi, msikiti au masikini. Sisi Mashafii, watu wa madhehebu ya Imamu Shafi, mtu hajiwekei wakfu mwenyewe, kwa hiyo kama unataka kuendelea kukaa humo mpaka ufe muulize kadhi kabla ya kutia saini, sio baada.

Kitu watu wanasahau ni matengenezo. Fleti sio nyumba ya uwani, kuna ngazi, kuna paa, kuna pampu ya maji ya watu wote, sasa watoto sita wanagombania kodi halafu pampu ikifa kila mtu anamtizama mwenzake. Andika wazi kodi itoe matengenezo mwanzo, kinachobaki ndio kigawiwe.

Halafu uisajili Kamisheni (sheria yao namba 2 ya 2007) na rikodi za ardhi nazo zibadilishwe. Fanya ungali mzima, ukingoja maradhi ya mauti inahisabiwa kama wosia, haivuki thuluthi ya mali yako, na kumpa mrithi mpaka wenzake waridhie.

Shangazi bado, tunamngoja mwanawe mmoja yuko Muscat alete hati ya uwakala.