Mkilua uani, tangu mbegu hadi ua la kwanza

Wengi mmeniuliza habari za mkilua, ule mti wa maua ya kunukia, tangu niseme wangu umechanua. Nianze na onyo: mwenye haraka apande asumini. Huu wangu wa hapa Tanga niliupanda kwa mbegu, na kilua cha kwanza nilikinusa mwaka wa nne.

Ni mti wetu hasa. Asili yake ni misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, ukoo mmoja na mstafeli na mtopetope. Mwaka 1970 mtaalamu Bernard Verdcourt alipouandika kitaalamu, alichukua jina lile lile la bibi zetu akauita Mkilua fragrans, yaani mkilua unukiao. Shikeni hilo neno "misitu". Anayeuua mkilua, mara nyingi ameuanika juani.

Mbegu. Toa kwenye tunda lililoiva, osha nyama yote, panda siku hiyo hiyo. Mimi mara ya kwanza nilizianika kwenye ungo kama mbegu za mchicha. Nane nilipanda, nane zikafa. Jaza viriba udongo mweusi wenye majani yaliyooza, samadi iliyolala na mchanga kidogo. Fukia kina cha kidole kimoja kwa upana, weka chini ya mwembe, udongo usikauke wala usirowe. Halafu subiri. Vyangu vilifika mwezi wa tatu kimya, nikawa nimeshaamua kuvimwaga nitie bamia, ndipo asubuhi moja nikaona kimoja kimepasuka udongo.

Kuhamisha. Miche ikiwa na majani sita au zaidi, ngoja masika yaanze. Tafuta mahali penye jua la asubuhi na kivuli mchana, na ukuta wa kuzuia upepo wa bahari. Wenye viwanja vya mawe ya matumbawe, chimbeni shimo pana mlete udongo wa kwingine.

Matunzo. Tandaza majani makavu au makumbi ya nazi, yasiguse shina. Wakati wa kaskazi mwagilia kila siku ya pili. Samadi koleo moja mwanzo wa masika, moja vuli, basi. Kupogoa sipogoi, nakata kilichokauka tu.

Kuchuma. Kilua hutazama chini na kujificha kwenye majani, pua hukiona kabla ya jicho. Kikiwa kijani kibichi kiache. Ngoja kianze umanjano. Kata kikonyo kwa kucha asubuhi, usivute, utang'oa na ngozi ya tawi. Kimoja ukikifunga pindoni mwa kanga, kanga ile ukiikunjua kesho bado inanukia. Kwa kikuba, kile kishada cha kunukia wanachovaa wanawake, changanya na asumini na rehani.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo shangazi. Niko Pangani. Ncha za majani zinaungua, na maji naupa kila siku.*

Marahaba mwanangu. Onja maji ya kisima chako kwanza. Kama yana chumvi, kinga ya mvua kwenye pipa umwagilie hayo. Na kila siku ni mno.

*Dada, tawi likikatwa likachomekwa linashika?*

Nilichomeka kumi na mawili, yakaoza yote. Labda wewe una mkono wa heri. Mimi nimerudi kwenye mbegu.

*Kuna mmoja mdogo msituni kwetu Muheza, niung'oe nije nao?*

Hapana, kaka. Utakata mizizi, ukose wewe na ukose msitu. Na kama ni hifadhi utajitafutia kesi. Uliza jirani mwenye mti uani, akupe tunda.

*Wangu umejaa vidudu vyeupe kama pamba chini ya majani.*

Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, rudia baada ya wiki. Ukiona sisimizi wanapanda shinani, wafukuze nao, ndio wanaovilinda.

*Shangazi, mimi wangu una miaka mitano, majani yamenona, maua hata moja. Nautia urea.*

Acha urea, ndiyo inayonenepesha majani. Kama mwembe umeufunika kabisa, punguza tawi moja upande wa mashariki. Lakini kabla ya yote, umewahi kuinama ukatazama chini ya majani?

*Nimetoka kuinama sasa hivi. Vipo viwili.*