Somo: Kufundisha wafanyakazi kwa simu, uzoefu wa kiwanda cha alizeti Dodoma

Habari zenu wadau. Somo hili nimelidaiwa tangu msimu uliopita, leo nalipa. Mimi ni afisa mafunzo kwenye kiwanda cha kukamua alizeti hapa Dodoma mjini, na makarani wetu wa ununuzi wametawanyika Kondoa, Mpwapwa na Kibaigwa. Zamani kila mafunzo tuliwakusanya ukumbini: nauli, posho, chakula, vituo vimefungwa siku mbili, na mkulima aliyekuja na magunia yake anaenda kumuuzia jirani.

Kabla ya hapa nilikuwa kwa mwajiri mwingine aliyenunua mfumo wa mafunzo wa bei mbaya, masomo yote kwa Kiingereza, kila moja kurasa 40. Nilishtuka siku nilipoona mlinzi wa getini amemaliza somo zima kwa dakika nne huku anaandikisha magari. Alikuwa anabonyeza tu "endelea". Cheti alipata. Sikumlaumu, maana hata mimi nilibonyeza.

Hatua ya 1: Tafuta kosa kwanza, programu baadaye

Nenda kwa msimamizi wa stoo umuulize: wiki hii nini kimeharibika? Sisi tulijibiwa ni mbegu mbichi. Mbegu zenye unyevu zikirundikwa zinapata moto, zinaota ukungu, na asidi kwenye mafuta inapanda. Kiwanda kinataka unyevu usizidi asilimia 10, na kila kituo kina kipima unyevu. Sasa mbona zinapita? Kumbe makarani walikuwa wanachota mbegu za juu ya gunia, zile ambazo jua limeshazikausha. Basi somo likawa hilo tu: choma bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchotea sampuli, mpaka katikati ya gunia. Bosi alitaka liitwe "Usimamizi wa Ubora wa Malighafi". Tulikataa kwa adabu.

Hatua ya 2: Piga video ya dakika mbili palepale pa kazi

Hapa ndipo wengi wanaharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo. Usimweke meneja mezani asome karatasi. Tulimchukua karani mmoja wa siku nyingi Kibaigwa, mtu asiyependa maneno, tukamwambia afanye kazi yake. Simu tuliishika wima, kama watu watakavyoishika wakitazama, na tukailenga mikono yake, sura tukaiacha.

Kwanza alichota juu kwa kiganja, akapima: 9. Kisha akachoma bambo ubavuni mwa gunia, akaliinamisha, mbegu zikateremka zikigonga bati la sahani. Akapima tena, akasubiri, akaitazama namba bila kusema kitu. 13. Akageuka kwa mkulima: "Mzee wangu, huu turudi kuuanika." Hatukuongeza hata neno. Muziki msiweke, nawaomba.

Video ya kwanza tuliitupa. Upepo wa Dodoma mnaujua, ulisikika wenyewe tu mwanzo mpaka mwisho. Ya pili tuliivalisha simu soksi, ikatoka safi.

Angalieni na uzito wa faili. Dakika moja iliyorekodiwa kwa ubora wa picha wa 1080p inaweza kuzidi MB 100. Ibaneni kwa HandBrake, ni programu ya bure ya kompyuta, ishuke hadi 480p. Mikono inaonekana vizuri tu.

Hatua ya 3: Itume mahali ambapo watu tayari wapo

Kwetu ni WhatsApp. Fungua kundi la mafunzo peke yake, na kwenye mipangilio ruhusu wasimamizi tu kuandika, la sivyo somo litazama kwenye salamu za asubuhi na michango ya harusi. Tuma kabla vituo havijafunguliwa. Bando alipe mwajiri, na muda wa kutazama uhesabiwe ni muda wa kazi. Ukimwambia mtu ajifunze usiku kwa bando lake, hapo hujatoa mafunzo, umemwongezea kazi.

Hatua ya 4: Uliza, kisha uulize tena

Maswali matatu kwenye Google Forms yanatosha, na picha ni bora kuliko maneno: hapa kuna magunia mawili, lipi limechotwa vibaya? Jambo kubwa ni kurudia. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hupotea mapema sana, na kurudia kwa vipindi huokoa. Ndiyo maana sisi tunatuma swali moja baada ya siku tatu, jingine baada ya wiki mbili, lingine mwezi ukiisha. Ni swali moja tu, halimchoshi mtu.

Hatua ya 5: Pima kwenye gunia

Asilimia za mtihani zinadanganya. Andika mizigo iliyokataliwa stoo kwa unyevu mwezi kabla ya somo na mwezi baada ya somo, kituo kwa kituo. Kituo kimoja chetu kilipata alama zote na mizigo yake ikaendelea kurudi. Tulipofuatilia, betri ya kipima unyevu ilikuwa imekufa na karani aliogopa kusema. Hilo si suala la video, ni suala la betri.

Hatua ya 6: Mfumo mkubwa, ukiuhitaji

Mkifika mamia ya watu na masomo mengi, ndipo mfikirie Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni. Programu yenyewe haina malipo, na app yake inaruhusu kupakua somo penye mtandao na kulisoma pasipo na mtandao. Ila inataka seva na mtu wa kuihudumia. Kama hamna mtu huyo, bakini WhatsApp.

Maswali ya wanachama

Mtunza stoo, Manyoni: Asante kwa somo, dada. Vibarua wetu wengine wana simu za kitochi zisizocheza video, na wapo wazee wasiosoma. Tunawaachaje?

Hamuwaachi, kaka. Msimamizi wa zamu awaonyeshe kwenye simu yake dakika tano kabla ya kazi, kisha mmoja wao arudie kitendo mbele ya wenzake. Kondoa tulirekodi na sauti ya Kirangi. Wazee walicheka kwanza, halafu wakaanza kuuliza maswali ambayo kwa Kiswahili hawakuwahi kuyauliza.

Afisa utumishi, Nkuhungu: Je, nikibandika matokeo ya kila mtu kundini ili washindane?

Usifanye hivyo, mkuu. Kwanza anayeshika mkia ataanza kunakili majibu, na utapoteza habari ya nani anahitaji msaada. Pili, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Matokeo ya mtu yanahusu mtu huyo na msimamizi wake. Kundini weka wastani wa kituo, inatosha.

Mdau, Singida: Sisi tuna shida ya lumbesa, magunia kujazwa kupita kipimo. Video itasaidia?

Inategemea. Kama karani hajui kutumia mizani, kuisoma na kuirudisha sifuri kabla ya kupima, itasaidia. Kama anajua, na lumbesa inamlipa, video haitamgusa. Hapo mwite Wakala wa Vipimo, na uangalie pia kamisheni yake inahesabiwaje.

Mwanachama mpya, Mpwapwa: Shikamoo dada. Samahani, hiyo soksi mnaivalisha upande gani?

Marahaba. Upande wa chini, penye tundu la maiki karibu na sehemu ya kuchajia. Iwe nyepesi, isizibe kamera, na iwe imefuliwa, maana simu yenyewe uliiazima.