Kiwanda cha sabuni kuwa nyumba ya wazee: somo kutoka Lubumbashi

Wandugu, tangu niweke picha za lile jengo letu, kila siku mtu ananiuliza tulianzaje. Naandika mara moja, yeyote asome. Jengo lilikuwa kiwanda cha sabuni cha wakati wa Wabelgiji: matofali ya kuchoma, maghala mawili, ofisi ndogo na jukwaa la kupakia mizigo. Leo wanalala humo wazee 22.

Kwanza niseme jambo ambalo wafadhili hawalipendi: msianze na sura ya jengo. Kila mgeni hupiga picha ya ukuta wa mbele. Mzee anachotaka ni kufika chooni saa nane za usiku bila kuanguka. Sisi tulianza kuchora kutoka chooni, tukarudi kinyumenyume mpaka kitandani. Mengine yalifuata.

Hatua ya 1: Karatasi

Sheria ya 20 Julai 1973 inasema ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali. Anayekuuzia kiwanda anakuuzia majengo na haki ya konsesheni (ruhusa ya Serikali ya kutumia ardhi), hakuuzii udongo. Konsesheni ya kudumu ni ya raia Mkongomani. Shirika linapata konsesheni ya kawaida, miaka 25 inayoweza kufanywa upya. Pita kadasta (ofisi ya kumbukumbu za viwanja) kabla ya kutoa hata franka moja. Sisi tulipoteza miezi minne kwa sababu cheti kilikuwa bado kwa jina la marehemu baba wa muuzaji, na ndugu zake watatu hawakuwa wamesaini. Katika ofisi nilitembea na kifungu cha 49 cha Katiba ya 2006, kinachowapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Kilinifungulia milango miwili. Wa tatu ulibaki umefungwa.

Hatua ya 2: Paa, kabla fundi hajapanda

Ukiona mabamba ya kijivu yenye mawimbi, mazito, yanayovunjika kama kigae, yahesabu kuwa ni amianti (asbesto) mpaka maabara iseme hapana. Usiyatoboe, usiyakate kwa msumeno, usiyatupe chini. Vumbi lake huingia mapafuni bila mtu kuhisi kitu, na ugonjwa huchukua miaka 20 hadi 40 kujitokeza. Loanisha kwa maji, fungua bolti, shusha bamba zima, lifunge kwa plastiki mara mbili. Barakoa iwe ya P3, ile ya kuchuja vumbi laini kabisa. Ile ya kitambaa tuliyovaa wakati wa Kovidi haisaidii kitu. Vijana wa kartye (mtaa) walikuwa wanangoja vipande waezekee mabanda ya kuku. Tulikataa, wakanuna, tukawanunulia mabati mapya manane. Hiyo nayo iwekeni kwenye bajeti.

Hatua ya 3: Kuta zinazotoka chumvi

Hapa ndipo tulipoumia. Sabuni ya zamani ilipikwa hivi: mafuta yanachemshwa pamoja na soda kali, kisha inamwagwa chumvi ili sabuni ielee juu na maji machafu yabaki chini. Maji hayo yalimwagika sakafuni miaka nenda miaka rudi, matofali yakayanywa. Masoni (mwashi) wetu wa kwanza alipiga plasta ya sementi, laini, ya kupendeza. Mvua zikaanza Novemba. Kufika Januari plasta ilikuwa imevimba kama mandazi. Ukiigusa inabanduka kama ganda la yai, na nyuma yake unga mweupe. Niliuonja kwa ncha ya ulimi (msinifuate): chumvi tupu.

Chumvi huvuta unyevu. Ukuta ukikauka inageuka fuwele na kusukuma kila kilicho mbele yake. Sementi inaifungia ndani. Chokaa inauacha ukuta upumue. Tuling'oa plasta yote, tukapiga chokaa ya Kakontwe, huko karibu na Likasi, sehemu moja kwa tatu za mchanga, tukijua kwamba plasta hiyo ya kwanza ni ya kufa: inyonye chumvi mwaka mzima, ibanduliwe, ipigwe nyingine. Mweka hazina alishika kichwa. Lakini mwaka wa pili ukuta ulikaa kimya.

Matofali yaliyooza tuliyaziba kwa mengine ya udongo wa kichuguu, yale yanayochomwa pembeni mwa mji. Ugumu wake unakaribiana na ya zamani, na rangi haipigi kelele. Ila kumbuka wenye kichuguu chao: mchwa walikuwa wamekula miguu ya mbao za paa mahali zinapoingia ukutani. Gonga kila moja kwa nyundo, usikilize.

Hatua ya 4: Nyumba ndani ya nyumba

Ghala lina mita 7 kwenda juu. Usiku wa Juni na Julai baridi yetu mnaijua, na mzee mwembamba chini ya paa la namna hiyo hapati usingizi. Tulijenga vyumba vya mbao na jipsamu, kimo mita 2.70, vinavyosimama vyenyewe bila kugusa ukuta wa zamani. Joto linabaki, mwangwi unapungua, na siku mtu akitaka ghala lirudi kama lilivyokuwa, atafungua skrubu tu. Madirisha ya juu yanatazama kusini, na wengi hudhani jua halifiki huko. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Februari saa sita ya mchana hapa jua liko upande wa kusini. Wekeni kivuli.

Hatua ya 5: Vipimo

Mlango: sentimita 90 zilizo wazi kabisa. Kugeuza kiti cha magurudumu: duara la sentimita 150. Kiti cha choo: 45 hadi 48 kutoka chini. Maji ya kuoga yasizidi nyuzi 43.

Jukwaa la kupakia lina sentimita 90 kwenda juu. Kwa mteremko wa 1 kwa 12 (kupanda sentimita 1 kwa kila 12 za njia) unahitaji mita 10.8, na kwenye karatasi inatosha. Nilikaa mwenyewe kwenye kiti, nikajisukuma. Nusu ya njia mikono ilikuwa inatetemeka, nami sijafika hata miaka hamsini. Tukachukua 1 kwa 20: mita 18, na pa kupumzikia katikati.

Sakafu nyekundu ya kupakwa nta, ambayo sote tumekulia juu yake, tuliibakiza ofisini tu. Inang'aa, na macho ya mzee huiona kama maji. Anasimama mlangoni hataki kupita.

Umeme wa SNEL ukikatika, taa ndogo za kutoka kitandani hadi chooni ziwe na sola yake. Hizo kwanza, televisheni baadaye.

MASWALI YA WANACHAMA

*Likasi: Sisi tuna gereji ya zamani, sakafu imelowa mafuta. Tumwage zege juu?*

Hapana, mafuta yatapanda na harufu itabaki. Chimbua mpaka ufike pasafi, ndipo umwage.

*Mama wa Kampemba: Wazee wanataka shamba dogo la lengalenga (mchicha). Kuna ubaya?*

Mama, shamba ni dawa, lakini udongo upimwe. Tanuru la shaba la mji huu liliwashwa 1911, na upepo mwingi hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi ulipeleka metali za sumu, risasi na kadimi, upande wa kaskazini-magharibi. Sisi tulipanda kwenye masanduku yaliyoinuliwa, udongo umeletwa kutoka mbali. Urefu wa sanduku ni sentimita 70, mzee analima akiwa ameketi.

*Katuba: Hamuoni haya? Mzazi anatunzwa kwake, si kiwandani.*

Papa, nami nililelewa hivyo. Lakini mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali, waliachishwa kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, na watoto wengi wakatawanyika kutafuta maisha. Kwetu kuna mama aliyefukuzwa na wajukuu kwa kuitwa mulozi (mchawi). Mwenye nyumbani kwake tunamrudisha nyumbani.

*Bukavu: Hatua hizi zinatufaa na sisi?*

Za choo, ndiyo. Za kuta, hapana. Ninyi mlipata tetemeko la 3 Februari 2008, na ukuta wa matofali usio na chuma hauna huruma. Mwiteni enjeniere kwanza, afunge kuta na paa pamoja, kabla ya kununua hata mfuko wa chokaa.

*Ruashi: Mzee akifariki, mwili mnautoa wapi wenzake wasione?*

Nilikuwa nimechora mlango wa nyuma, ule wa jukwaa, gari linafika hapo hapo. Niliwaonyesha wazee mchoro. Mmoja wao, aliyewahi kufanya kazi humo humo, aliweka kidole juu ya mlango akaniambia, "Hapo zilitoka katoni. Mimi si katoni." Tukaufuta. Mlango wa mbele sasa una sentimita 120, na baraza lake linatosha jeneza kugeuka na watu sita kulibeba.