Kabla hujaingiza mkono stoo: kujiandaa dhidi ya buibui wenye sumu

Buibui wengi wa majumbani Afrika Mashariki hawana neno na mtu: yule bapa wa ukutani na yule mdogo arukaye waache. Kandokando ya Ziwa Victoria yupo mmoja, Evarcha culicivora, anayependelea mbu walioshiba damu. Ukimpulizia dawa unamsaidia mbu.

Wa kujihadhari nao ni wachache, na kwa kawaida huuma pale mkono unapotangulia macho. Latrodectus geometricus, wa kahawia mwenye miguu ya mabaka, hujificha chini ya ukingo wa ndoo, uvunguni mwa viti vya plastiki na kwenye matofali yaliyopangwa. Tumbo la jike ni la ukubwa wa njegere, na upande wa chini lina pembetatu mbili za rangi ya chungwa zilizogusana ncha. Mfuko wake wa mayai ni duara lenye vijiba pande zote. Ukiuona, mwenyewe hayuko mbali.

Kwa hiyo kabla ya kuhamisha chochote stoo, vaa glavu za ngozi, viatu vya kufunika na suruali iliyochomekwa kwenye soksi. Mulika tochi kwa ubavu, si moja kwa moja, ili nyuzi za utando zing'ae. Pindua ndoo na viti kwa fimbo kwanza. Mifuko ya mayai itumbukize kwenye maji ya sabuni, kwa kuwa dawa ya kupuliza haipenyi vizuri hariri yake. Ndiyo maana watu hupuliza leo na baada ya wiki chache wanakuta vitoto vimejaa. Gambuti zilizokaa nje zigonge na uzikung'ute kabla ya kuvaa. Mashimo ya ardhini yenye hariri mdomoni usiyachokoe kwa kidole: huenda ni ya Pterinochilus murinus, mkubwa, mkali, na maumivu ya sumu yake yanaweza kufuatwa na mikakamao ya misuli kwa siku kadhaa.

Weka tayari sabuni, kitambaa cha kulowesha maji baridi, parasetamo, chupa yenye kifuniko na namba ya usafiri wa kwenda hospitali. Akiumwa mtu, vua pete, osha, poza. Usichanje, usifyonze, usifunge kamba. Buibui akipatikana bila kuhangaika, mtie kwenye chupa au mpige picha. Maumivu yakisambaa hadi tumboni au mgongoni, jasho likimtoka, misuli ikikakamaa, au aliyeumwa akiwa mtoto mdogo au mjamzito, nendeni hospitali mara moja.

Ukiamka na mstari wa malengelenge unaowaka, hasa msimu wa mvua, usikimbilie kumlaumu buibui. Mara nyingi ni nairobi fly, mdudu mwembamba mwekundu na mweusi aliyefuata taa akapondwa kwenye ngozi. Haumi, majimaji yake ndiyo yanayounguza. Osha kwa sabuni, na kabla ya kulala zima taa za nje na chomeka chandarua.