Somo: Kuandika namba kwa besi ya -10, bila alama ya kutoa

Wanafunzi wa S.1 (kidato cha kwanza) hapa Uganda huanza hesabu na besi, yaani namba ambayo kila nafasi huzidishwa nayo kupata nafasi inayofuata: ya tano, ya nane, ya mbili. Aliyekwisha kuzizoea mpe hii. Mwitaliano Vittorio Grünwald aliiandikia makala mwaka 1885. Ndani yake namba hasi haihitaji alama yoyote mbele, kwa sababu uhasi umo kwenye nafasi zenyewe.

Hatua ya 1. Panga nafasi kutoka kulia: 1, -10, 100, -1,000, 10,000. Tarakimu ni zilezile, 0 hadi 9.

Hatua ya 2. Gawanya kwa -10 mfululizo ukiandika baki. Tuchukue 2,745:

2,745: baki 5, gawio -274
-274: baki 6, gawio 28
28: baki 8, gawio -2
-2: baki 8, gawio 1
1: baki 1, gawio 0

Tazama vizuri mstari wa pili, hapo ndipo wengi huteleza. Baki haiwezi kuwa -4. Shuka hadi -280, kisha panda 6: baki ni 6, na -280 ukiigawa kwa -10 unapata 28. Mstari wa nne ni vivyo hivyo.

Soma baki kutoka chini kwenda juu: 18865.

Hatua ya 3. Hakiki: 10,000 - 8,000 + 800 - 60 + 5 = 2,745.

Sasa njoo kwenye daftari la muuza chapati. Mteja anadaiwa shilingi 1,500, yaani -1,500. Kwa besi hii ni 2500 (-2,000 + 500). Hesabu tarakimu: nne. Idadi ikiwa shufwa, namba ni hasi. Ikiwa witiri, ni chanya. Sifuri tu ndiyo haina upande.

Utamu wenyewe, kwangu mimi, ni kwamba kanuni za kupima kama namba inagawanyika kwa 9 na kwa 11 hubadilishana. Katika besi ya kawaida tunajumlisha tarakimu kupima 9; hapa jumla hiyo hupima 11. Kwa 18865 jumla ni 28, ambayo kwa 11 hubakisha 6, na 2,745 nayo hubakisha 6. Kupima 9, toa na jumlisha kwa zamu kutoka kulia: 5 - 6 + 8 - 8 + 1 = 0. Inagawanyika.

MASWALI

Mbale: Mwalimu, Python, lugha ya kompyuta, inasema baki ya -274 kwa -10 (huandikwa -274 % -10) ni -4. Nifanyeje?
Jibu: Baki ikitoka hasi, iongezee 10, na gawio liongezee 1. Hapo gawio la Python, 27, linakuwa 28.

Masaka: Itatoka kwenye mtihani wa taifa wa UNEB?
Jibu: Usiitegemee, ndugu yangu.

Gulu: Kujumlisha je? 7 + 5?
Jibu: Andika 2, lakini badala ya kubeba 1, ondoa 1 kwenye nafasi inayofuata. Kama pale palikuwa na 0, huwezi kuandika -1; andika 9, kisha ongeza 1 kwenye nafasi ya mbele yake. Unapata 192, yaani 100 - 90 + 2.

Jinja: Kati ya 43 na 34, ipi kubwa?
Jibu: 34. Ni -26, na 43 ni -37. Kwenye nafasi hasi, tarakimu kubwa huishusha namba.