Unakimbia mbio kwa jezi ya nchi nyingine, unalala Nyali, Mombasa: kodi yako ihesabiwe vipi?

Tangu mwanariadha Mkenya Stephen Cherono ahamie Qatar mwaka 2003 na kuitwa Saif Saaeed Shaheen, swali la vijiweni halijabadilika: watu kama hawa walipe kodi wapi? Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya haijali jezi. Inataka kujua unaishi wapi na pesa umezipatia wapi.

Kwa hiyo anza na pasipoti. Toa zote kama unazo mbili. Chini ya Katiba ya 2010 raia wa Kenya wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua mwingine. Hesabu siku zako kwa mihuri ya kuingia na kutoka. Mwenye makao ya kudumu hapa, awe Nyali au Likoni, ni mkazi kwa hesabu ya kodi katika mwaka wowote aliokanyaga nchini, hata akikaa wiki moja. Asiye na makao huwa mkazi akifikisha siku 183. Kuna na kipimo cha tatu, ambacho ni rahisi kukisahau: wastani wa zaidi ya siku 122 ukijumlisha mwaka huo na miwili iliyotangulia. Tuseme ulikaa siku 110, kisha 140, na mwaka huu 130. Jumla 380, ukigawa kwa tatu ni 126 na ushei. Wewe ni mkazi, ingawa 183 hukuzifikia hata mara moja.

Mkazi hutangaza mshahara wa ajira popote unapotoka. Hapa ndipo wanaolipwa kila mwezi na Bahrain au Qatar hujikwaa. Nchi hizo hazitozi kodi ya mshahara, basi mtu hudhani mambo yamekwisha. Kumbe ni kinyume: hakuna kodi ya kule ya kupunguza ya hapa, na deni lote linabaki KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya.

Zawadi za mbio zina hesabu yake. Ukishinda dola 10,000 Chicago, kawaida Marekani hukata 30%, zikabaki 7,000. Meneja akichukua 15% ya jumla, yaani 1,500, benki yako ya Moi Avenue inaona 5,500. Usitangaze 5,500! Andika 10,000 kama mapato, ada ya meneja kama gharama yenye risiti, na kodi iliyokatwa uioneshe peke yake. Wadai waandaaji fomu 1042-S, hati ya Marekani inayoonesha kodi uliyokatwa. Bila hati hiyo huna ushahidi wa kilichokatwa. Kenya ina mikataba ya kuzuia kutozwa mara mbili na Uingereza, Ujerumani na Kanada, lakini na Marekani haina, kwa hivyo sehemu hii mwachie mhasibu.

Asiye mkazi akija kukimbia Mombasa hukatwa 20% ya jumla, bila kutoa gharama. Zawadi ya shilingi 300,000 inakatwa 60,000, na mwandaaji ana siku tano za kazi kuipeleka KRA. Ahueni ya kibinafsi, yaani punguzo la kodi, ya shilingi 2,400 kwa mwezi ni ya mkazi tu.

Ritani ya mkazi, yaani taarifa ya mapato ya mwaka, hujazwa kwenye iTax, tovuti ya KRA, kufikia Juni 30 ya mwaka unaofuata. PIN, namba yako ya kodi, ikigoma au nywila ikipotea, nenda Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, mapema. Wiki ya mwisho ya Juni foleni haina huruma. Ukichelewa, faini ni shilingi 2,000 au 5% ya kodi, ile iliyo kubwa, na kodi isiyolipwa huongezwa riba ya 1% kila mwezi.