Kifuu, chaza na daftari: mapambo ya mkono kwa kazi ya nyumba moja

Tuko watano katika kazi hii: mimi, mume wangu, mavyaa wangu, wifi yangu, na binti yetu mkubwa anayetusaidia akishatoka skuli. Tunakaa Bweleo, upande wa Fumba, Unguja. Tunatengeneza herini, vidani, pini za mtandio na tasbihi kwa vifuu vya nazi na makombe ya chaza. Wanaoniuliza waanzeje huwa wanataka kusikia habari za vifaa tu. Vifaa nitavieleza, lakini kazi yetu iliwahi kukaribia kuvunjika kwa pesa zisizoandikwa, na hilo nalo nitalieleza kwa kituo.

Anza na kifuu, maana hakinunuliwi. Cha dafu kiache, bado kilaini na kikikauka kinapasuka. Unataka cha nazi iliyokomaa, na kizuri kuliko vyote ni cha mbata, kwa kuwa nyama yake imekauka na kujibandua yenyewe, kifuu kinatoka kisafi. Kilichotoka kwenye mbuzi huwa kimebakiwa na nyama: kiloweke usiku kucha, kikwangue kwa kisu, kisha kianike kivulini. Ukikiweka kwenye jua kali siku ya kwanza, kinaweza kutoa ufa mwembamba kama unywele, na wewe usiuone mpaka umeshamaliza kazi yote. Mavyaa wangu hukigonga kwa ukucha na kusikiliza. Kizima kinalia, chenye ufa kina sauti iliyokufa. Sijamwona akikosea mara nyingi, na mimi mwenyewe imenichukua zaidi ya mwaka kusikia anachokisikia.

Nazi kubwa ina kifuu kisichojipinda sana, kwa hiyo herini pana hutoka huko. Nazi ndogo tunaziweka kwa shanga.

Sugua nje kwanza uondoe makumbi yaliyoganda. Chora umbo kwa penseli, halafu toboa kabla hujakata. Wengi hufanya kinyume chake, na kipande kidogo kikishakatwa hakina pa kushikwa, kinapasuka mkononi. Keekee ya mkono inatosha (jina lake linakaribiana na kekee, ile bangili pana ya fedha waliyovaa bibi zetu). Tobo letu ni la milimita 1.5, na tunaliacha angalau milimita 3 kutoka ukingoni. Weka ubao chini yake ili upande wa pili usimeguke. Kisha kata kwa msumeno mwembamba wa sonara, meno ya wembe yakielekea chini upande wa mpini, ili ukate unapovuta. Wembe ukikwama usiulazimishe. Upake nta kidogo urudi taratibu.

Sasa msasa, na hapa ndipo pambo linapopata thamani yake. Zamani hapakuwa na karatasi. Watu walisugua mbao kwa majani makavu ya mti wenyewe uitwao msasa, ndiyo asili ya jina. Sisi tunaanza na namba 80, yenye chembe kubwa, kisha 120, 240, 400, tunamalizia 600, iliyo laini. Kanuni ni moja: usihamie namba ya mbele mpaka mikwaruzo ya namba uliyonayo imefanana yote, na ya namba iliyopita haionekani tena. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu kila unapobadilisha, maana chembe moja ya namba 80 ikibaki itakuchora mstari juu ya kazi ya 400. Wifi yangu ndiye mwenye mkono huu. Akimaliza, hajatia mafuta yoyote, kifuu kinang'aa chenyewe, na ile mishipa ya rangi ya kahawa na nyeusi inajitokeza. Mwisho paka nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya nazi kidogo sana, funga kwa kitambaa usiku mmoja, asubuhi sugua tena. Mafuta yakizidi yatachafua mtandio wa mteja, naye hatarudi.

Chaza wanataka tahadhari zaidi. Kombe lao ni chokaa ngumu, na vumbi lake likiingia mapafuni halina salama. Sugua ndani ya maji, kwenye beseni, na vaa barakoa hata hivyo. Watoto wasikae karibu. Usisafishe kombe kwa siki wala ndimu ili ling'ae haraka: dondoshea tone la ndimu uone linavyotoa mapovu, ule ni uso wa kombe unaoliwa. Maji, sabuni na mswaki vinatosha. Tunatumia makombe ya chaza walioliwa, au yaliyobaki kwa kina mama wanaofuga lulu hapa kwetu, basi. Hatuendi kuokota kombe lenye mnyama hai.

Hizo lulu ni lulu nusu. Mfugaji hubandika kokwa ya nusu duara ndani ya kombe la chaza aliye hai, akamrudisha baharini, naye chaza anaifunika tabaka kwa tabaka. Huchukua kama miezi 9 hadi 12. Lulu hukatwa pamoja na kipande cha kombe lake, mgongo ukiwa bapa. Mwambie mnunuzi wazi kwamba ni nusu, na kwamba bapa lile ni asili yake. Mwambie pia ajifukize udi na kujipaka manukato kwanza, lulu aivae mwisho, kwa sababu manukato huondoa mng'ao wake. Bibi harusi mmoja aliturudishia kidani kimefifia, na kosa lilikuwa letu, hatukumwambia.

Kuna vitu hatuvigusi hata mteja akivitaka kwa pesa nyingi: gamba la ng'amba, yule kasa wa baharini, na matumbawe. Ng'amba yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na biashara yake kati ya nchi na nchi imekatazwa. Mgeni akikutwa nalo uwanja wa ndege ataingia matatani yeye, na wewe uliyemuuzia umemdhulumu.

Ndoano za herini usinunue za rahisi kabisa. Nyingi zina nikeli, na masikio ya watu huvimba. Chukua za chuma cha pua, au za fedha ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha halisi. Hewa yetu ya chumvi huifanya fedha iwe nyeusi, kwa hiyo iweke ndani ya mfuko uliofungwa vizuri.

Sasa pesa.

Mwaka wa kwanza tuliuza vizuri na hatukuandika chochote. Kikiuzwa kitu, pesa ziliingia kwenye mkoba wangu, zikatoka kwenye mchele, ada na umeme. Tulisema sisi tunakula chungu kimoja, nani atamdai nani? Wifi yangu alisugua msasa tangu asubuhi hadi alasiri, siku baada ya siku, na siku alipotaka kununua kitambaa cha harusi ya shoga yake alilazimika kuja kuniomba. Aliomba kwa adabu, mimi nikamjibu kwamba mwezi huo mambo ni mazito. Hakugombana. Kesho yake hakuja kibarazani, wala kesho kutwa. Nilikaa mwezi mzima na vifuu visivyosuguliwa, na mume wangu hakusema neno. Mavyaa ndiye aliyeniita pembeni akaniambia, "Mwanangu, umeukata mkono wa mtu ukadhani unaufuga." Nilikwenda kumwomba wifi radhi, na nilikwenda na daftari.

Daftari lenyewe ni la kawaida. Kila mtu ana ukurasa wake. Kazi imegawanywa kwa hatua: kuchagua na kutoboa, kukata, kusugua, kupaka nta na kuunga. Kila hatua ina bei yake kwa kipande, tuliyokubaliana sote tumekaa mkekani. Jumamosi baada ya laasiri tunahesabu na kila mtu anapewa chake mkononi, hata kama ni shilingi elfu tatu, hata kama bado hakijauzwa kitu. Anayekwenda kuuza ana asilimia 10 ya alichouza. Binti yetu analipwa shanga anazotunga, ila msumeno na keekee hagusi. Kinachobaki kinaingia kwenye kisanduku cha kazi, si kwenye chungu cha nyumba, na mimi mwenyewe nikikichukua naandika deni.

Bei inatoka humo humo daftarini. Chukua herini za kifuu za kawaida kwetu. Ndoano na vipete vidogo vya kuungia shilingi 800, msasa na nta 300, kadi na mfuko 400: jumla 1,500. Mikono yote kwa pamoja hutumia dakika 40, nasi tumekubaliana saa moja ni 3,000, kwa hiyo 2,000. Nauli na vinavyovunjika, 1,000. Hapo ni 4,500, na bado hatujapata faida. Tunaongeza 1,500 ya kisanduku, tunawauzia wenye maduka kwa 6,000. Tukimuuzia mvaaji wenyewe ni 10,000. Usimuuzie mgeni ufukweni kwa 6,000 kwa sababu leo huna nauli. Mwenye duka akisikia, na atasikia, ataona unamharibia.

Maduka ya Mji Mkongwe, kama ya Gizenga na Hurumzi, wengine watanunua taslimu, wengine watataka mali kauli: uache, walipe ikishauzwa. Tuliwahi kuacha jozi 24 pahala kwa maneno matupu. Tulirudishiwa 9, tukalipwa 6, na 9 hazikuonekana tena. Tangu hapo tunaandika karatasi mbili zinazofanana, idadi na bei, pande zote mbili zinatia saini, na tunapita kuhesabu kila baada ya wiki mbili. Anayekataa kuandika hatumwachii kitu. Kitambulisho cha biashara na leseni vishughulikie mapema, maana hoteli huuliza hayo kabla ya kukupa meza ya jioni.

Wageni hupungua wakati wa masika, Machi hadi Mei, na nyumba inayowategemea wao tu italala njaa. Ndiyo maana tuna tasbihi za shanga 33, ambazo hununuliwa sana Ramadhani inapokaribia, na pini za mtandio, ambazo wanawake wa hapa hununua mwaka mzima. Pini huanza kuuzika ukiwa umeivaa mwenyewe kwenye shughuli. Mwenzio ataiangalia, ataigusa, atauliza.

Kitu kikivunjika kabla ya mwaka tunakitengeneza bure kwa mteja. Bure ni kwa mteja tu. Kazi ile inaandikwa kwenye ukurasa wa aliyeifanya, kwa bei ile ile, na inalipwa kutoka kisandukuni Jumamosi. Wiki iliyopita kidani kilirudi na kipande kimekwaruzwa, wifi yangu akakaa nacho kutoka 240 hadi 600, akakiandika mwenyewe: kusugua, moja.